Kula nyama ya moshi katika miji midogo ya Kusini mwa Marekani: mwongozo kamili kwa anayesafiri kwa gari

Nyama utakayoila saa 6 mchana katika mji mdogo wa Texas au North Carolina huwa imeingia motoni tangu jana jioni, au alfajiri sana. Karibu kila kinachomshangaza mgeni kwenye migahawa hii kinatokana na hilo: menyu fupi, foleni ya asubuhi, milango kufungwa mapema, na kile kibao cha "sold out" kinachotundikwa saa 8 mchana wakati wewe ndiyo kwanza unaegesha gari.

Kwenye nyama choma tuliyoizoea, unachagua paja, linawekwa jikoni, na baada ya muda si mrefu unakula. Ikipungua, inachomwa nyingine. Huku hilo haliwezekani. Kidari kizima cha ng'ombe, kilo 5 hadi 7 kabla ya kupikwa, hukaa kwenye moshi saa 12 hadi 16 kwa joto la nyuzi 107 hadi 135 za sentigredi. Ndani ya nyama joto likifika nyuzi 65 au 70 hivi, linaweza kusimama hapohapo kwa saa kadhaa, kwa sababu unyevu unaotoka juu ya nyama unaipoza kama jasho linavyompoza mtu. Mpishi akichochea moto ili awahi, nje inaungua na ndani inabaki ngumu, maana zile tishu ngumu za kidari hulainika kwa muda mrefu wa moto mdogo, hadi ndani ya nyama ifike nyuzi 95 hivi za joto. Kwa hiyo kiasi cha nyama ya leo kiliamuliwa jana, na ikiisha, imeisha. Ratiba ya safari yako ifuate moto wao.

Jua uko wapi kabla ya kutamani chochote

Kosa kubwa kuliko yote ni kuagiza nyama ya jimbo jingine. Siku hizi menyu zimepanuka na utauziwa kidari hata mahali ambapo kazi yao ni nguruwe, lakini utakuwa umeendesha maili mia kufuata kitu cha pembeni. Agiza kile ambacho mji huo unajulikana nacho, hata kama si kile ulichokiona kwenye picha.

Texas ya kati, kuanzia Austin kushuka Lockhart na Luling na kupanda hadi Taylor, ni nchi ya ng'ombe. Migahawa mingi ya huko ina asili ya mabucha ya wahamiaji wa Kijerumani na Kicheki waliokausha kwa moshi nyama zisizouzika mbichi, ndiyo maana mpaka leo unauziwa kwa uzito na kufungiwa kwenye karatasi ya bucha. Agiza kidari na soseji. Kuni ni za mwaloni wa kienyeji uitwao "post oak". Lockhart, mwendo wa maili 30 hivi kusini mwa Austin kwa barabara ya 183, ina majina makongwe kadhaa ndani ya mji mmoja: Kreuz Market ya tangu 1900, Black's ya tangu 1932, na Smitty's iliyobaki kwenye jengo la zamani la Kreuz baada ya familia kugawana mwaka 1999. Ukisogea magharibi hadi Llano, mambo yanabadilika: Cooper's wanapika juu ya makaa ya mti wa mesquite, na wewe unachagua kipande chako nje, moja kwa moja kutoka kwenye tanuri, kabla hakijaenda kupimwa ndani.

North Carolina ni kitimoto tupu, ila jimbo limegawanyika. Mashariki wanapika nguruwe mzima, wanamkatakata kwa mapanga mafupi pamoja na ngozi iliyokauka, na kumtia siki, chumvi na pilipili, bila nyanya. Skylight Inn ya Ayden, iliyofunguliwa mwaka 1947, ndiyo mfano ulio wazi zaidi: unapewa trei ya karatasi yenye nyama, juu yake kipande bapa cha mkate wa mahindi, na kachumbari ya kabichi. Magharibi, kuzunguka mji wa Lexington kwenye barabara kuu ya 85, wanapika mabega tu, saa 9 au 10 juu ya makaa, na siki yao ina ketchup kidogo na sukari. Kabichi yao nayo ni nyekundu kwa sababu imechanganywa na hiyohiyo sosi badala ya mayonezi.

South Carolina ya kati, upande wa Columbia na Orangeburg, sosi ni ya njano, ya haradali. Hapo agiza pia "hash", mchuzi mzito wa nyama unaomwagwa juu ya wali. Mtu wa pwani ya kwetu hatahitaji kushawishiwa. Kaskazini mwa Alabama, mjini Decatur, kuna sosi nyeupe ya mayonezi na siki inayohusishwa na Big Bob Gibson tangu 1925, na inakwenda na kuku. Georgia wana mchuzi wa mahindi, nyanya na nyama unaoitwa "Brunswick stew". Tennessee ya magharibi, miji ya Lexington na Henderson, bado ina wapika nguruwe mzima wachache.

Kisha kuna Owensboro, Kentucky, ambayo wasomaji wengi wa Kiswahili hawaijui na ndiyo ingewafaa. Huko wanapika kondoo. Kondoo mkubwa, mwenye harufu yake kamili, anapakwa sosi nyeusi nyembamba iliyotengenezwa kwa Worcestershire, ile sosi ya Kiingereza ya siki na viungo. Mkongomani anayeishi Louisville yuko chini ya saa 2 kwa gari kutoka pale.

Kabla ya kuwasha gari

Angalia siku kwanza. Jumapili wengi wanafunga kwa ajili ya kanisa, na Jumatatu wengi wanapumzika kwa sababu kupika kwa Jumatatu kungemaanisha kukesha Jumapili. Wengine wanafungua siku chache mno: Snow's ya Lexington, Texas (mji mwingine kabisa wenye jina lilelile), hufungua Jumamosi tu, saa 2 asubuhi, na watu hupanga foleni kabla jua halijachomoza. Wako hivyo tangu kabla jarida la Texas Monthly halijawataja kuwa wa kwanza jimboni mwaka 2008, na umaarufu ule haukuwaongezea siku. Jones Bar-B-Q Diner ya Marianna, Arkansas, nao hufungua asubuhi na mapema na nyama huweza kuisha kabla ya adhuhuri.

Piga simu. Usiamini saa zilizoandikwa kwenye ramani za intaneti, kwa sababu migahawa hii hufunga kwa msiba, kwa likizo ya familia, au kwa wiki nzima ya Julai bila mtu kukumbuka kubadilisha mtandaoni. Maswali ni matatu: leo mmefungua? nyama huisha saa ngapi siku kama ya leo? mnapokea kadi? Hilo la pili ndilo la maana. Ukiambiwa huisha saa 8 mchana, fika saa 5 asubuhi. Ukifika saa 7 utakuta nyama ipo, lakini kile kilicholetea mahali jina kimeshakwisha na umebakiwa na kuku wa moshi na maharage. Ukiona jibu ni la kusitasita, uliza kama unaweza kuagiza kwa simu na kulipa ukifika. Sehemu nyingi zinakubali oda ya ratili nzima iliyowekwa siku moja kabla.

Jihadhari na saa za namna mbili. Kwanza, mpaka wa majira: Louisville iko saa moja mbele ya Owensboro ingawa ni jimbo moja, Georgia iko saa moja mbele ya Alabama, na Tennessee imekatwa katikati. Ukielekea magharibi unapata saa moja ya bure. Ukielekea mashariki unaipoteza, na mara nyingi ndiyo ile uliyoihitaji. Pili, kama mnakutana magari mawili, andika ujumbe kwa tarakimu za huko, 11 AM au 2 PM. Ukiandika "tukutane saa tano", kijana aliyekulia Dallas au Minneapolis anaweza kusoma 5 PM, afike wakati wapishi wanaosha meza.

Beba pesa taslimu, dola 40 hivi kwa kila mtu mzima, katika noti ndogo. Zipo sehemu ambazo bado hazipokei kadi, na mashine ya kutolea pesa iliyo kwenye kituo cha mafuta inakata ada. Pakia pia jokofu la mkononi lenye barafu, karatasi za kufungia za aluminiamu, na taulo ya maji. Faida yake utaiona mwishoni.

Barabarani

Barabara za majimbo zinazounganisha miji hii mara nyingi zina kikomo cha maili 55 kwa saa, kilomita 88 hivi, na ukikaribia mji kinashuka kwa hatua fupi hadi 45, 35, na mahali pengine 25. Askari hukaa palepale kinaposhukia. Punguza mwendo kabla ya kufika kwenye kibao. Basi la shule la njano likiwasha taa nyekundu kwenye barabara isiyo na kizuizi katikati, magari ya pande zote mbili yanasimama. Jaza mafuta ukiwa bado kwenye barabara kuu, maana vituo vya vijijini vinaweza kufungwa mapema.

Ukifika, zunguka nyuma kwanza

Usiingie ndani mara moja. Tembea hadi upande wa jikoni na utafute rundo la kuni. Mgahawa unaopika kwa kuni kweli hauwezi kuzificha, kwa kuwa nyama ya siku moja hula kuni nyingi, na rundo linakuwa kubwa kuliko gari. Angalia kama kuna vipande vilivyopasuliwa karibuni na majivu yaliyomwagwa. Kuni safi tupu zilizopangwa vizuri mbele ya mlango, zenye buibui, ni mapambo.

Kisha tazama moshi. Mwembamba, wenye rangi ya bluu kwa mbali, ni moto unaopata hewa. Moshi mzito mweupe unaotoka mfululizo unamaanisha kuni mbichi au moto uliobanwa, na nyama itakuwa na uchungu unaobaki kwenye ulimi. (Moshi mweupe kwa dakika chache wakati kuni zinaongezwa ni kawaida.) Ukikuta sanduku la chuma lenye bomba la gesi au waya wa umeme, na kuni ni vijiti viwili vya kutia harufu, haina maana chakula ni kibaya, ila hiyo si sababu ya kutoka njia kuu. Hapo agiza kidogo.

Kwenye kaunta

Kuna mifumo miwili, na mgeni akichanganya anapoteza nafasi yake kwenye foleni.

Texas ya kati unapanga mstari mmoja. Kituo cha kwanza ni mkataji mwenye kisu, cha pili ni vyakula vya pembeni, cha tatu ni malipo. Kila kitu cha maana hutokea kwa mkataji, na una sekunde kama 30 naye, kwa hiyo amua ukiwa bado nyuma. Anapima kwa ratili, gramu 454. Hesabu nusu ratili ya nyama kwa mtu mzima anayekula na vya pembeni, robo kwa mtoto. Watu wanne wazima watashiba kwa ratili 1 ya kidari, soseji 2, na mbavu 2 au 3 za nguruwe kama wanamla. Bei imepanda sana miaka hii: kidari kwa kawaida huvuka dola 25 kwa ratili. Ubavu mmoja wa ng'ombe, ule mkubwa wa kupigia picha, unaweza kuwa na ratili nzima na zaidi pamoja na mfupa, na unatozwa wote. Uliza uzito kabla kisu hakijagusa.

Ukisema "brisket" atakuuliza "lean or moist?", au "fatty" badala ya "moist". Kidari kina sehemu mbili. Ile bapa ya chini haina mafuta mengi na ndiyo hukauka mapema. Ile ya juu ina mafuta yaliyopenya katikati ya nyama, na ndiyo iliyojenga sifa ya mahali hapa. Watu wa kwetu wengi hujibu "lean" kwa kuogopa mafuta, halafu wanalalamika nyama ni kavu. Sema nusu kwa nusu, na kama ni saa 7 mchana na kuendelea, chukua yenye mafuta yote, kwa sababu ile nyingine imeshakaa muda mrefu. Omba pia kipande cha mwisho chenye ganda jeusi; wengine hukupa bila kukipima.

Mtazame anavyokata. Kisu kinapita kukingama na nyuzi za nyama, vipande vya unene wa milimita 6 hivi. Akikata vinene sana, mara nyingi kidari kimeiva kupita kiasi na kinaporomoka. Nyama iliyokatwa huanza kukauka ndani ya dakika chache, hivyo kama foleni ni fupi, nunua kidogo, kula, rudi. Kama ni ndefu, nunua vyote mara moja lakini omba nusu kiwe kipande kizima kisichokatwa, ukate mwenyewe mezani.

North Carolina na sehemu kubwa ya majimbo ya mashariki unakaa na kuhudumiwa, au unaagiza kwa sahani. Ukisema "barbecue" tu umeshaagiza nguruwe, usiongeze maelezo. Katika Lexington "tray" ni nyama na kabichi kwenye chombo cha karatasi pamoja na mkate mdogo au vidonge vya unga wa mahindi vilivyokaangwa, wanaviita "hushpuppies". "Plate" ni hivyohivyo na chipsi. Sandwichi huja na kabichi ndani, kwa hiyo usishangae. Halafu kuna jambo ambalo wenyeji hulijua na mgeni haambiwi: sema "coarse chopped, brown". Hapo unakatiwa vipande vikubwa pamoja na nyama ya nje ya bega, ile iliyokumbana na moshi kwa saa zote. Usiposema, unaweza kupewa nyeupe ya ndani iliyosagwa laini, ambayo ni nzuri lakini moshi wake ni wa mbali.

Vya pembeni: vyombo vya pinti, mililita 473, vinatosha watu 3 au 4. Kimoja cha kabichi na kimoja cha maharage vinatosha gari zima. Mkate mweupe wa slesi, vitunguu vibichi na matango ya siki mara nyingi ni vya bure Texas. Kitunguu na tango vina kazi ya kukata mafuta mdomoni, usiviache. Chai baridi itakuja na sukari nyingi kuliko chai ya msibani. Omba nusu yenye sukari na nusu isiyo nayo. Bia usiitegemee, kuna wilaya ambazo haziuzi kabisa.

Salamu kwanza, hata kama foleni ni ndefu. "Ma'am" na "sir" kwa aliyekuzidi umri bado vina uzito huko, na anayehudumia akikuita "honey" au "baby" ni mazoea tu. Usimshikie mtu nafasi kwenye foleni. Kwa anayejiuliza kama atapokewa: utapokewa, na mara nyingi utaulizwa umetoka wapi. Haikuwa hivyo daima. Mapishi haya yamejengwa kwa kiasi kikubwa na mikono ya Weusi, kwanza wakiwa watumwa waliokesha kwenye mashimo ya moto. Hata hivyo mmiliki wa mgahawa wa Ollie's, Birmingham, alikataa kuwakalisha Weusi ndani mpaka kesi ilipofika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1964. Hoja iliyomshinda ilikuwa nyama yenyewe: sehemu kubwa ilikuwa imetoka nje ya jimbo, kwa hiyo sheria ya taifa ya kupiga marufuku ubaguzi ilimhusu.

Mezani

Onja nyama bila sosi kwanza, mapande mawili. Kreuz kwa miongo mingi ilikataa kabisa kuweka sosi na uma mezani, na ukila kidari chao unaelewa walimaanisha nini. Kwenye nguruwe wa siki mambo ni tofauti, nyama imeshatiwa sosi jikoni. Ile ya chupa ni ya kuongeza, na itikise kwanza kwa kuwa pilipili hukaa chini.

Rangi ya waridi chini ya ganda, ya upana wa nusu sentimita hadi sentimita moja, si ubichi. Gesi za moto wa kuni zinashikana na kile kinachoipa nyama wekundu, na wekundu huo haupotei hata nyama ikiiva kabisa. Kuku wa moshi naye huwa wa waridi karibu na mfupa. Kama una shaka, usitegemee rangi wala maji yake; muulize mpishi kama ndani ilifika nyuzi 74.

Kupima kidari, chukua kipande kimoja ukining'inize kwenye kidole. Kinapaswa kukunjama bila kukatika, kisha kichanike ukikivuta kidogo kwa mikono miwili. Kikikatika chenyewe kimeiva kupita kiasi, na kikivutika kama mpira kilitolewa mapema. Mbavu nazo zisianguke mfupani zenyewe, ingawa watu wengi husifia hilo. Mbavu iliyopikwa vizuri inaacha alama ya meno pale ulipouma, na mahali pengine panabaki pameshikilia. Ikiteleza yote mara moja, imechemshwa au imefungwa muda mrefu kwenye mvuke.

Ukipewa vipande vikavu, rudi kwa mkataji kabla hujala nusu yake na umwombe kwa upole akuongezee ncha yenye mafuta. Wengi hufanya hivyo bila neno. Nguruwe aliyekatwakatwa akiwa kama uji amekaa kwenye beseni la mvuke tangu asubuhi. Hilo halirekebishiki, agiza ubavu.

Kwa asiyekula nguruwe, na kwa anayetaka halali

Tuseme wazi: migahawa hii ya miji midogo si halali. Hata Texas, ambako ng'ombe ndiye mkubwa, hakuchinjwa kwa taratibu za Kiislamu, na kisu, ubao na tanuri ni vilevile vya nguruwe. Kondoo wa Owensboro hupikwa mahali panapopikwa nguruwe pia. Anayetaka nyama ya moshi ya halali afanye hivyo Houston au Dallas, ambako Waislamu wana migahawa yao ya mtindo wa Texas, kisha miji midogo apite kwa kutazama moto na kunywa chai.

Anayeepuka nguruwe tu bila sharti la machinjo anaweza kula, lakini aulize vitu vinavyojificha. Soseji ya "beef" inaweza kuwa na nguruwe ndani au utumbo wake nje. Maharage karibu kila mahali yana vipande vya nyama ya nguruwe. Sukuma wiki, wao wanaziita "collards", huchemshwa na mguu wa nguruwe uliokaushwa kwa moshi. Mkate wa mahindi wa mashariki ya North Carolina mara nyingi una mafuta yake, na hushpuppies zinaweza kukaangwa humohumo. Kilicho salama zaidi ni kabichi, saladi ya viazi na pudini ya ndizi, na bado uliza.

Malipo

Bei iliyoandikwa haina kodi. Lockhart ongeza asilimia 8.25, na majimbo mengine ya Kusini weka akiba ya asilimia 7 hadi 10. Ukihudumiwa mezani, bakshishi ni asilimia 18 hadi 20 na si hiari kwa maana tuliyoizoea, kwa kuwa mshahara wa mhudumu umepangwa kwa kuitegemea. Ukijichukulia kaunta, dola 1 au 2 kwenye kopo, au asilimia 10 kwa oda kubwa, inatosha. Skrini ya kadi itakupendekezea 25. Bonyeza unachotaka bila aibu.

Nyama ya kubeba

Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2, na kikiwa kwenye joto la nyuzi 32 au zaidi, saa 1. Gari lililofungwa kwenye jua la Texas linavuka hapo upesi, kwa hiyo nyama iliyowekwa kiti cha nyuma saa 7 usiile usiku hotelini. Funga kipande kizima kwa karatasi ya aluminiamu, toa hewa, weka katikati ya barafu, na barafu ibaki bado imara unapofika. Kwenye jokofu la nyuzi 4 inadumu siku 3 au 4.

Kupasha: kidari kipashwe kikiwa kizima, kimefunikwa na vijiko viwili vya mchuzi au maji, kwenye oveni ya nyuzi 135 mpaka ndani ifike 74, ndipo ukate. Ukikikata kwanza kinakuwa kama mkanda. Nguruwe wa siki ni rahisi zaidi, sufuria yenye mfuniko, moto mdogo, kijiko cha sosi yake. Maikrowevu ni kwa maharage.

Anayepanda ndege kurudi Nairobi, Dar au Muscat asijaribu kupita na nyama yenyewe, inaweza kuchukuliwa forodhani. Sosi inaruhusiwa zaidi, lakini chupa yoyote inayozidi mililita 100 haipiti kwenye begi la mkononi. Iweke kwenye sanduku kubwa, kifuniko kimezungushiwa mkanda wa plastiki, ndani ya mifuko miwili, mbali na nguo nyeupe. Ya siki ndiyo ya kubeba: haiharibiki njiani, na inakaa vizuri juu ya nyama choma.